Kasongo kwa Bafle, Kabambare kwa Nyuzi

Kituo cha Sinza kwa Remmy anakijua kila kondakta wa Dar es Salaam, hata aliyezaliwa baada ya mwenye jina kuachana na dansi na kuokoka. Remmy Ongala alizaliwa 1947 upande wa Kindu, katika Maniema ya Kongo. Mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, halafu akaibeba Super Matimila mpaka majukwaa ya Ulaya, na Desemba 2010 tukamzika kama mtu wetu. Nimekua nikisikia watu wakimwita Mkongo, Mkongo, na sijamsikia hata mmoja akiuliza huko alikotoka mambo yakoje: ukiingia baa Jumamosi usiku, nani yuko jukwaani?

Basi ndugu yangu mmoja mfanyabiashara wa vitenge aliponiomba nimsindikize ng'ambo ya ziwa, sikujivunga. Tulivuka kwa boti kutoka Kigoma hadi Kalemie. Yeye akabaki pale na marobota yake, mimi nikapanda pikipiki kuelekea kusini mwa Maniema. Nilianza na Kasongo; Kabambare nikaiwekea nafasi wakati wa kurudi. Kindu kwenyewe ni mbali zaidi kaskazini, sikufika.

Kuhusu barabara sitasema mengi. Matope, madaraja ya magogo, barieri ya askari, barieri ya watu wasio askari, na kila barieri ina bei yake. Misafara ya Tippu Tip ilipita upande huuhuu, Kabambare na Kasongo vikiwa vituo vyake. Livingstone alikaa Kabambare miezi kadhaa ya mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu, na baada ya kuiona njia sikumshangaa. Kasongo iliangukia mikononi mwa jeshi la Mfalme Leopold Aprili 1893. Waungwana wa misafara ile wakaondoka na utawala wao, lakini mpunga ulibaki shambani, misikiti ikabaki mjini, na lugha ikabaki mdomoni, kiasi kwamba mtu wa Kigoma akifika Kasongo anaagiza wali na sombe bila kuhitaji mkalimani. Anachelewa kidogo tu kuzoea kila kitu "kiko" au "kinakuwaka".

Baa niliyopelekwa Kasongo ina ua mpana, viti vya plastiki, na kibanda cha mbao ambamo mama mwenye baa anakaa na kasiye, yaani kreti, za bia ya Primus. Primus ya Kongo ni chupa ya sentilita 72, na ikiwa haijapata barafu unainywa hivyohivyo. Nyuma ya kibanda kuna grupu, yaani jenereta, limefungwa mnyororo kwenye mwembe. Mbele kuna bafle nne, zile spika ndefu za kuchongwa na fundi seremala, zimepakwa rangi nyeusi na kuandikwa jina la mgombea aliyeshindwa uchaguzi wa Desemba 2023. Hazikununuliwa na baa. Zilikuja na kampeni, kampeni ikaisha, zikabaki.

Kijana wa kompyuta ndiye mfalme wa usiku. Alipiga Fally Ipupa, akapiga Ferre Gola, akamrudisha Koffi Olomide kwa ajili ya wazee, na aliponiona akapiga Diamond ili nijisikie nyumbani. Halafu, kwa kuwa alishaambiwa natoka "kule kwa Waswahili", akaweka "Kasongo" ya Super Mazembe, wimbo wa mwaka 1977 uliopigwa na Wakongo waliokuwa wakiishi Nairobi. Ua mzima ukasimama. Wakenya waliufufua mwishoni mwa 2024 kumtania rais wao, ukazunguka TikTok, ukafika mpaka huku. Kasongo wa wimbo ule ni mwanamume anayeitwa na mkewe arudi nyumbani, hahusiani na mji huu kwa lolote. Nilimwambia hivyo jirani yangu wa meza. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Muzee, wimbo unatuita jina, sisi tutakataa?" Akaenda kucheza.

Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kusikia chombo cha mkono wakati bendi ilipoingia. Walikuwa vijana wanne: mpiga solo, mpiga besi, mpiga drams na mwimbaji ambaye pia ni atalaku. Walifunga vyombo gizani, haraka, kama watu waliozoea kufukuzana na saa. Baadaye nikajua sababu. Vyombo ni vya kanisa moja pale mjini. Watatu kati yao wanapigia kwaya, wanapewa ruhusa ya kuvitumia kwa mazoezi, na "mazoezi" ya Jumamosi ndiyo haya. Kabla ya ibada ya kwanza drams lazima ziwe zimerudi mahali pake na zimefutwa bia.

Walianza na rumba ya taratibu, na kwa mara ya kwanza usiku ule watu waliokaa walinyamaza kusikiliza. Mpiga solo alikuwa na vidole vyepesi sana. Alipoingia sebene, gitaa likaanza kuzunguka palepale kwenye noti tatu nne, likirudi, likipanda, na wanawake waliokuwa wamekaa na watoto mgongoni wakainuka wakafunga vitenge upya kiunoni. Hapo atalaku akashika kazi yake. Kazi hii ya kupiga kelele juu ya sebene iliasisiwa na kina Zaiko Langa Langa mjini Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Kasongo imekuwa ni namna ya kuishi. Anamtaja mwenye duka la vipuri. Anamtaja mwenye pikipiki nyingi. Anamtaja mtu aliyeko Kindu ambaye mdogo wake ndiye amelipa. Kila jina ni noti, na mwenye jina akiongeza noti anarudiwa pamoja na jina la kijiji cha mama yake. Na mimi nilitajwa: "Patro wa Tanzania!" Nikatoa.

Dar es Salaam mtu anayetaka kuonekana anainuka mwenyewe, anapita katikati ya ukumbi, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso lililolowa jasho, anarudi kukaa. Tunza ile anaiona kila mtu na inamwendea aliyeimba. Mabanga ya Kongo, yaani pesa ya kutajwa jina, yanapita kwa atalaku, ambaye wakati huo haimbi wala hapigi chombo, na kwa mtazamo wangu mpiga solo wa Kasongo alikuwa anatengeneza zulia ili mwenzake alitembelee. Nilimuuliza wakati wa mapumziko anapata ngapi. Akasema wanagawana sawa baada ya kutoa ya esansi, yaani petroli, ya grupu, na mara nyingi esansi ndiyo inayobaki na fungu kubwa. Nikamwambia rumba ya Kongo zote mbili iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2021. Mpiga besi akadakia: "Na pesa yake inapitiaka wapi?"

Swali lile la mpiga besi ndilo lililonipa cha kuandika. Bendi za kwetu tunazizungumzia kana kwamba zilidumu kwa vipaji peke yake. Msondo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika jina, bendi ikabadilika nacho, JUWATA, OTTU, lakini mshahara ulikuwepo na gitaa lilikuwa la ofisi. Mlimani Park ya 1978 ikaja kuwa chini ya shirika la jiji, DDC. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Hata Matimila, kabla halijawa jina la muziki, lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mwanamuziki aliyetoka Kongo miaka ile, wawe Maquis waliotokea Katanga na Kamanyola yao au Remmy kutoka Maniema, aliondoka mahali pasipo na mwenye drams akaja mahali palipo na mwenye drams. Kipaji kilikuwa pande zote mbili. Kusini mwa Maniema leo wenye drams ni makanisa, na makanisa hayafungui Jumamosi usiku.

Kwenye saa tisa kasoro bendi ikakata, katikati ya wimbo mzuri. Kijana wa kompyuta akaziba pengo kabla mtu hajakaa. Yalipokaribia mapambazuko mama mwenye baa akateremsha sauti mwenyewe kwa mkono wake, bila kuagizwa; msikiti uko mtaa wa pili, na nusu ya wateja wake wana baba au mjomba anayekwenda kuswali pale.

Kabambare ni habari nyingine. Ni nchi ya Wabangubangu, mashariki ya Kasongo, ndogo zaidi, na siku niliyofika hapakuwa na esansi ya kuuza popote. Barieri zilikuwa zimezidi na wenye pikipiki walikuwa wamegoma kuleta madumu. Kwa hiyo bafle zilikuwa zimefunikwa turubai. Baa ilikuwa chumba cha tofali mbichi chenye bati, sola moja ya kuwasha taa na kuchaji simu, lutuku, pombe kali ya kienyeji, kwenye vikombe vidogo na malafu, yaani tembo ya mchikichi, kwenye dumu la njano lenye povu mdomoni. Nilidhani nitalala mapema.

Kumbe palikuwa na mpiga gitaa, mtu wa makamo, kofia ya sufu kichwani ingawa joto lilikuwa kali. Gitaa lake lilikuwa la kuchongwa hapohapo, boksi lake limeunganishwa kwa gundi na misumari midogo, nyuzi tano badala ya sita, na ule mnene ulikuwa uzi mmoja uliochambuliwa kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Hakutumia kipande cha plastiki wala kucha ya bandia. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikapiga wimbo, na viwili hivyo vilijaza chumba. Kando yake kijana alikuwa akigonga chupa tupu ya Primus kwa msumari. Ni mkono uleule wa Mwenda wa Bayeke, yule wa "Masanga", ambaye Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952. Hapa hakuna anayeuita wa zamani. Ndio unaopigika pasipo umeme.

Hakuwa na atalaku. Majina aliyaingiza mwenyewe ndani ya beti, na hakuyauza: alimwimba mwenye baa na deni la chumvi, akamwimba dereva wangu wa pikipiki na tairi lake lililopasuka mchana ule, watu wakaitikia, mwenye baa akamtishia kwa mwiko, akarudia ubeti. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni akapokea wimbo akaugeuza kuwa wa kilio cha jirani kilichomalizika wiki ile, na chumba kikaingia naye bila kuuliza. Kwa masikio yangu Kasongo haikufikia hata nusu ya usiku ule.

Lakini nisiwadanganye wasomaji wanaopenda vya asili. Usiku ukiwa umekolea akaingia kijana kutoka Salamabila, mnunuzi mdogo wa dhahabu, koti la ngozi, na begani spika ya bluetooth inayowaka taa za rangi. Salamabila iko ndani ya Kabambare hiihii, jirani na mgodi wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kuzalisha kibiashara Januari 2016 na kuusimamisha 2019 baada ya mashambulizi. Kampuni ikaondoka, wachimbaji wadogo wakaendelea, na dereva wangu anasema kule muziki hauzimwi kwa kuwa dhahabu haiulizi bei ya esansi. Yule kijana akaweka spika mezani, akabonyeza, ikatoka ndombolo yenye besi ya kutikisa vikombe. Chumba kizima kikamhama mpiga gitaa kama hakuwahi kuwepo. Nilimtafuta ili nimfariji. Alikuwa katikati ya sakafu, kofia imepinda, anacheza kuliko wote.

Asubuhi nilimkuta nje ya nyumba yake anapanga karanga juani. Aliniita "ndugu wa Kigoma" ingawa nilishamwambia nimehamia Dar es Salaam miaka mingi. Alitaka kujua nyuzi za gitaa zinauzwaje Kigoma, seti nzima, si uzi mmojammoja kama anavyouziwa na wachuuzi. Nikamweleza. Akahesabu kwa magunia ya karanga, akatikisa kichwa, akahesabu tena.

"Na bendi za kwenu," akauliza, "zinapokeaka bado watu wa Kongo?"

Nikamwambia ukweli: zimebaki chache, waliobaki ni wazee, na vijana wengi wanaimba juu ya muziki uliokwisha kutengenezwa kwenye kompyuta. Ukumbi ukijaa, umejaa kwa ajili ya mwimbaji mmoja na wachezaji wake.

"Basi niache Tanzania," akasema. "Kalemie wanalipaka?"

Nikamwambia nilisikia bendi mbili pale karibu na bandari, na zote zilikuwa na drams zake. Akaniuliza zinapiga siku gani, nani mkubwa wao, na kama mpiga solo wao ni mzuri. Hili la mwisho akaliuliza mara mbili. Nikasema ni wa kawaida tu. Akaendelea kugeuza karanga, akasema zikikauka atauza gunia moja la nauli na jingine la nyuzi.