Besi ilitaka kumrudisha Mzee Tanga!

Nisikufiche msomaji wangu, kwenye mitaa yetu ya uswahilini siku hizi heshima ya mtu inapimwa kwa sabufa. Ukipata vijisenti, kabla hata hujabadili godoro, unatafuta spika yenye mdomo kama sufuria la pilau, halafu Jumapili unaifungulia mpaka vyombo vya jirani vinacheza kabatini. Asiyetetemesha ukuta anaonekana kachoka. Mimi nimejitoa kwenye mashindano hayo, na wiki hii nakupa sababu. Ndani yake kuna baba yangu mzazi, notisi ya kuhama nyumba na kopo la biskuti lililojaa nyaya.

Basi bwana, Mzee alihamia kwangu Magomeni baada ya Mama kufariki. Tanga alikuwa amebaki peke yake, anapika mwenyewe, anakula mwenyewe. Sisi watoto tukakaa kikao tukasema hapana. Akaja na begi moja la nguo na makatoni mawili ya santuri. Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Western, Nuta, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz yake… wakongwe wote wamo. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo wimbo unakatika katikati, unageuza upande wa pili kumalizia utamu. Pamoja nazo ilikuja mashine ya santuri ya Kijapani aliyoitunza kama yai. Amplifaya yake ilishakufa siku nyingi.

Kwangu kulikuwa na sabufa ya kawaida, ile yenye redio, bluutuu na tundu la kuchomekea simu. Tukachomeka mashine ya Mzee. Jamani! Sauti ilitoka kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Besi hamna, uzito hamna. Ili asikie kidogo, Mzee alizungusha sauti mpaka mwisho, na juu ya muziki kukawa na mlio, "mmmmm", kama friji bovu.

Kasheshe likaanza hapo. Mzee akishaswali alfajiri anataka habari. Anabonyeza upande wa redio, na sauti bado iko mwisho kabisa tangu jana usiku kwa ajili ya santuri. Unaijua nyumba ya vyumba sita na korido moja? Saa kumi na moja na nusu nyumba nzima ilikaa kitandani wima! Kitoto kichanga cha chumba cha tatu kilianza kulia, na mama yake akaanza kusema.

Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu mama mwenye nyumba alisimama mlangoni kwangu, khanga kaifunga kiunoni.

"Mwanangu, kodi yako naipenda, lakini wapangaji wangu hawalali. Mwisho wa mwezi huu, ama Mzee atulie, ama mtafute pengine."

Mzee alikuwa barazani, anaona kila kitu. Hakuniambia mimi neno. Usiku alimwambia mke wangu, "Binti yangu, niulizie nauli ya basi la Tanga. Nyumba ya kupanga haitaki wazee."

Mke wangu aliponiambia, nilikosa usingizi. Kesho yake nikamletea Mzee spika za kuvaa masikioni. Akavaa dakika mbili, akavua. "Kwani mimi rubani? Muziki huu unasikilizwa na watu." Ikabidi nirudi kwenye ugonjwa wangu wa tangu kidato cha tatu, wa kufungua redio mbovu na kuzichungulia tumboni. Kwa kazi mimi ni karani wa stoo tu, cheti cha ufundi sina.

Hapa inabidi nikueleze kidogo, usinikimbie. Sindano ya mashine kama ile ya Mzee inatumia sumaku, na umeme inaotoa ni mdogo mno, kama elfu tano za sehemu ya milioni ya volti, yaani milivolti 5 hivi. Simu yako ukiichomeka kwenye sabufa inatoa mamia ya milivolti. Kwa hiyo santuri inahitaji kukuzwa kama mara mia kabla haijakaa meza moja na simu. Halafu kuna la pili. Wakati santuri inachongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isitanuke ikala nafasi, na sauti nyembamba za juu huongezwa ili zifunike mikwaruzo. Kanuni hiyo inaitwa RIAA, na imekuwa ndiyo ya wote tangu katikati ya miaka ya 1950. Anayepiga santuri lazima afanye kinyume chake: mtetemo wa mara 20 kwa sekunde unanyanyuliwa kama mara kumi, ule wa mara 20,000 unashushwa mpaka kama sehemu ya kumi. Kidude kinachofanya kazi zote mbili ndicho priamplifaya, kinakaa mbele ya amplifaya. Zamani kilikuwa ndani kwa ndani, pale palipoandikwa PHONO. Sabufa yangu haikuwa nacho, ndiyo maana ya yule mbu.

"Si ununue cha dukani?" mke wangu akauliza. Vipo, sikatai. Lakini cha dukani kinashughulika na santuri tu, na mimi nilikuwa na masikio ya Mzee na ukuta wa jirani pia.

Nikaenda Kariakoo. Nilichonunua kwanza ni aisi moja inayoitwa NE5532, kimdudu cheusi cha miguu minane, bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Ndani yake mna amplifaya mbili, moja ya spika ya kulia na moja ya kushoto. Hamna valvu za kusubiri zipate moto kama redio za babu. Transista, ile waliyoionyesha wazungu wa Bell Labs huko Marekani Desemba 1947, imesinyaa mpaka makumi yake yanakaa kwenye kitu kidogo kuliko ukucha. Nikaongeza risista, kapasita, transfoma, na vidude viwili vya kutuliza umeme, kimoja cha volti 15 chanya na kingine cha volti 15 hasi.

Nilichomelea usiku, Mzee akilala. Siku ya nne tukawasha. Gitaa la besi likarudi! Ngoma zikawa na ngozi. Mzee alikaa kimya upande mzima wa kwanza, akageuza mwenyewe. Lakini kila anayejenga kitu hiki anakutana na maadui walewale, nami nilikutana nao watatu.

Wa kwanza ni ule mlio. Ukikuza kitu mara mia, na uchafu unaukuza mara mia. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na transfoma inautawanya hewani kama harufu ya samaki. Ukishapita kwenye dayodi unatetemeka mara 100. Sikio likizoea linazitofautisha: ule wa 50 ni "mmmm" wa kifuani, ule wa 100 una "zzzz" ndani yake. Transfoma nikaihamishia kwenye kiboksi chake, mbali kama mita moja. Bodi nikaiweka ndani ya kopo la bati la biskuti ili bati likinge. Kisha nyaya zote za kurudisha umeme nikazikutanisha sehemu moja tu, kama wapangaji wote tunavyochota bomba moja, na ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine ya santuri ukafungwa kwenye bati lenyewe. Mlio ukafa. Ukiweka sikio kwenye spika unasikia "sssss" ya mbali, basi.

Wa pili ni simu. Kitochi cha mke wangu kikiwa karibu, sekunde chache kabla hakijaita, spika zinasema "trrr-ka-ta-trrr!" Nikaweka kapasita ndogo ya pikofaradi 100 palepale mlangoni pa umeme wa sindano, nikafupisha waya. Kimya. Mke wangu akalalamika: "Sasa nitajuaje simu inakuja?"

Wa tatu ndiye aliyetaka kuniaibisha. Mzee alisema, "Muziki nausikia, mwanangu. Maneno siyasikii." Na alipotaka kuyasikia alifanya nini? Aliongeza sauti! Tumerudi kwa mama mwenye nyumba.

Nilikaa na jambo hili siku mbili. Masikio ya mtu mzima yanaanza kupoteza sauti za juu. Nguvu ya sauti ya mwimbaji iko kwenye a, e, i, o, u, nazo ziko chini. Lakini neno linatambulika kwa s, f, sh, t, k, na hizo ni nyembamba, ziko juu, ndizo zinazomkimbia mzee. Ukiongeza sauti yote unamwongezea kile alichonacho tayari. Kwa upande mwingine, nilimwomba mke wangu aende kukaa kwa jirani wa chumba cha tatu wakati santuri inapigwa. Akarudi akasema, "Kule mwimbaji haimbi. Ni dum, dum, dum tu." Umeona? Kinachopita ukutani ni besi. Kumbe anachokihitaji Mzee siyo kinachomkera jirani!

Dawa yake iligunduliwa kitambo. Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Peter Baxandall, aliandika kwenye jarida la Wireless World namna ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu kila moja kivyake, bila kugusa za katikati. Nikaongeza aisi ya pili na vitufe viwili vya kuzungusha. Spika kubwa ya besi nikaichomoa, zikabaki zile mbili ndogo, tukaziweka karibu na kiti cha Mzee. Wiki nzima tulikaa jioni, mimi nabadilisha kapasita, yeye anapiga santuri ileile. "Hapana… hapana… rudisha ile ya jana." Sikuwa na mashine ya kupimia zaidi ya masikio yake na mke wangu nyuma ya ukuta.

Siku ya sita Mzee akacheka ghafla, akapiga goti lake. "Kumbe anasema hivyo! Miaka yote naimba uongo!" Akarudisha sindano, akasikiliza tena ule ubeti. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama nikamsikia anaimba, na sauti ya spika ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilisikia maji yakichemka jikoni.

Likabaki la alfajiri. Sabufa nikaiacha alama moja isiyoguswa. Redio yake ndogo ya mkononi nikaiingiza kwenye priamplifaya kwa tundu la pili, nikaishusha kwa risista mpaka ikalingana na santuri. Sasa abadili akipenda, sauti ni ileile. Na kitufe cha sauti hata ukikizungusha mpaka mwisho hakimwamshi mtu.

Kama nawe umeshikwa na hamu, nakuonya: umeme wa ukutani ni volti 230 na hauna utani. Weka fyuzi, chomoa kabla ya kufungua, na upande huo wa transfoma mpe fundi anayejua.

Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba akaja, nikamwamkia. Akachungulia korido, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya huruma kidogo: "Mwanangu, Mzee kasharudi Tanga?"

Nikamfungulia mlango. Mzee yupo kwenye kiti chake, Atomic Jazz inazunguka. Mama alisimama mpaka upande ukaisha, akasubiri ugeuzwe, akasikiliza na wa pili. Ya notisi hakuyataja, nami sikumkumbusha.

Washikaji wa mtaani wananiambia nimeharibu sabufa nzima. Wengine wameanza kuja kimyakimya kuuliza aisi inauzwa duka gani. Nawaelekeza, lakini kwanza nawauliza: unamfungulia nani huo muziki, na anataka kusikia nini ndani yake?

Mzee naye kaanza jeuri. Juzi kampigia ndugu yake Tanga amtumie kwa basi kanda zake za kaseti, zote. Ananiambia nitafute pa kutoboa tundu la tatu.