Mbao Nzuri Niliyoipigilia Mwenyewe

Kuna jambo nimelibeba tangu 2019 na leo nataka kulitua.

Mliokuwa nasi mwaka huo mnakumbuka. Mwezi wa nane nilisimama madhabahuni nikasema Mungu ametufungulia mlango huko Kilifi, na kabla ya Krismasi nitaleta shilingi 500,000 za paa. Mlipiga makofi. Mama mmoja alilia. Krismasi ikafika, na mnajua mvua ya mwishoni mwa mwaka ule ilivyokuwa, tukaabudu na ndoo chini ya mabati. Mwezi wa tatu nikampa mweka hazina 100,000 ndani ya bahasha, nikanyamaza. Hakuna aliyeniuliza ana kwa ana. Najua mliulizana pembeni, na mlikuwa na haki.

Neno letu leo ni Ezekieli 13, kuanzia mstari wa 10. Lisome ukimaliza hapa, si sasa.

Wengi wenu hamjui kwamba kabla ya wito nilikuwa seremala wa vyombo vya bahari. Ndiyo, mtoto wa Subukia, ambaye hadi nikiwa na miaka kumi na tisa maji mengi zaidi niliyowahi kuona ni ya mto ukifurika. Nilimfuata mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo. Kazi ya mkonge ikanishinda, nikapanda juu hadi Kilifi kutafuta kibarua. Pale kwenye hori, chini ya daraja, kuna mahali pa kutengenezea mashua, na mzee mmoja fundi wa Takaungu akanishika mkono. Alinifundisha kukalafati, yaani kushindilia pamba kati ya mbao za chombo ili maji yasipenye. Alikuwa na neno moja tu la kusifu kazi: "Inakubalika." Nililisikia mara nne katika miaka sita.

Sasa hiyo ya 2019 haikuwa jahazi. Ilikuwa zile mashua nyeupe za matanga ambazo watu huishi ndani wakizunguka dunia: vitanda, jiko la gesi, meza ya kuwekea ramani, injini ndogo ya dizeli. Urefu futi 32, mwili wa faibaglasi. Mwenyewe alikuwa mzee wa kizungu niliyemfanyia kazi nikiwa kijana. Mtakumbuka maharamia wa Kisomali. Oktoba 2009 walimkamata Mwingereza Paul Chandler na mkewe Rachel, waliokuwa wakitoka Ushelisheli kuelekea Tanzania kwa mashua kama hiyo, wakakaa mateka zaidi ya mwaka. Baada ya hapo wengi wenye mashua waliogopa upande wetu wa bahari. Mzee wangu naye akafunga matanga. Mashua ikakaa miaka kumi, jua juu, chumvi chini. Akaugua, akarudi kwao, akanipigia simu: itengeneze, iuze, tugawane nusu kwa nusu. Usajili ulikuwa wa Kenya na ushuru alishalipa zamani. Kama bado ingekuwa na kibali cha muda cha chombo cha kigeni, singegusa, maana kuiuza hapa nchini ni kudaiwa ushuru.

Nilichukua mkopo wa shilingi 240,000 kwa sacco. Mama mchungaji alitia sahihi kama mdhamini, na uso wake siku hiyo sitausahau. Nilikwenda Kilifi mara tatu: matatu ya Nakuru, basi la Nairobi, gari la moshi hadi Mombasa, kisha matatu tena kupitia Mtwapa. Kazi kubwa aliifanya ndugu yangu mdogo anayeishi huko. Tulikwangua konokono na magamba chini, tukapaka rangi ya kuzuia viumbe vya bahari. Tukafungua injini. Tukabadilisha koki zote zinazopitisha maji, kwa sababu koki moja ikikatika, hicho si chombo tena. Matanga yakashonwa upya. Mimi nikashika mbao za ndani.

Wapendwa, niwaambie ukweli, ile kazi ilinipendeza kuliko inavyofaa. Nilitoa mbao zote zilizooza, nikaweka mpya za mvule, nikazisugua kwa msasa hadi zikawa laini kama shavu la mtoto. Ezekieli huyo huyo, sura ya 27, anaueleza mji wa Tiro kana kwamba ni merikebu: mbao za misonobari ya Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, makasia ya mialoni ya Bashani, tanga la kitani cha Misri, wazee wa Gebali ndani yake wakiziba nyufa. Nikiisoma sura hiyo naona fundi anayejivunia kazi yake. Kisha upepo wa mashariki unaivunja katikati ya bahari.

Sikiliza jinsi nilivyoanguka. Mlingoti wa mashua kama ile unashikwa na nyaya za chuma, kulia na kushoto. Kila waya umefungwa kwenye chuma bapa kinachopenya sitaha na kushuka ndani hadi ubavuni. Ni chuma kisichoshika kutu, hivyo ndivyo tunavyokiita. Lakini chuma hicho kinahitaji hewa ili kijilinde. Pale kinapopita ndani ya sitaha, pamebana, maji ya chumvi yameingia na hewa haifiki, kinaliwa polepole. Juu kinang'aa. Chini kinang'aa. Katikati, ambapo jicho halifiki, kina nyufa. Nilipofungua upande wa kushoto, karibu na kitanda, niliona michirizi ya kahawia ikishuka kutoka kwenye kile chuma. Nilijua ni nini. Yule mzee wa Takaungu angeniita mbwa kama ningesema sijui.

Kukitoa kulihitaji kushusha mlingoti. Ilikuwa wiki mbili zaidi, pesa zaidi, na mimi tayari nilikuwa nimeshawatangazia. Nilifuta ile michirizi kwa kitambaa. Nikachukua ubao wangu mzuri wa mvule, nikaupigilia juu yake, nikaziba vichwa vya misumari. Ndugu yangu alikuwa nje. Hata wimbo nilikuwa nikiimba, na ulikuwa wa tenzi.

Mnunuzi alikuja Oktoba. Baba, mama na watoto wawili. Walitaka kungoja kaskazi ianze kuvuma, washuke nayo Pemba, kisha Mayotte. Tukakubaliana shilingi 2,100,000. Piga hesabu nami: ukitoa 380,000 za karakana na vifaa, inabaki 1,720,000. Nusu yangu 860,000. Mkopo 240,000. Paa 500,000. Hata viatu vya mama mchungaji vilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Baba alizunguka akisema hiki kibaya, kile kibaya. Hivyo ndivyo Mithali 20:14 inavyomweleza mnunuzi, na sikumkasirikia. Msichana wao, labda wa miaka minane, alipanda kile kitanda cha kushoto, akalala, akaweka kiganja kwenye ubao wangu. Akasema hapa ndipo atakapolala yeye. Akaniuliza kama ni mimi niliyeutengeneza. Nikasema ndiyo. Akasema ni mzuri.

Sikutubu pale pale. Nataka muelewe hivyo, kwa sababu tunapenda ushuhuda unaokwenda haraka. Niliwapeleka hadi barabarani nikicheka, nikarudi kwa ndugu yangu, nikala samaki, nikaomba na watoto wake, nikalala. Nilikuwa hata na maneno tayari: alete mkaguzi wake, mimi si mkaguzi.

Usiku nikafikiri juu ya Solai. Mwaka mmoja na nusu kabla, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka baada ya mvua kubwa, hapa kwa jirani zetu, na zaidi ya watu 40 wakafa, wakiwemo watoto. Baadhi yenu mlichimba tope pamoja nami. Ya lile bwawa yalikwenda mahakamani, mimi si wa kuyasema. Lakini nilikumbuka nilichohubiri Jumapili iliyofuata. Nilisoma Ezekieli 13, watu wanaojenga ukuta dhaifu na manabii wanaopita wakiupaka chokaa, mvua ikaja, mawe ya barafu yakaja, na ukuta ulipoanguka msingi wake ukaonekana. Nilipiga kelele sana siku ile. Sasa nilikuwa nimelala Kilifi, mkebe wa chokaa mkononi.

Asubuhi nikampigia yule baba, nikamwomba arudi peke yake. Nikachukua bisibisi na patasi, nikaufungua ubao mbele yake. Ulipasuka katikati, maana niliupigilia vizuri. Nikamwonyesha. Nikamwambia niliona hii mwezi wa saba nikaifunika. Hakunitukana. Alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama kuna kingine nilichofunika. Nikasema hapana. Akasema, "Fundi, sasa nitajuaje?" Akaondoka. Hakurudi.

Mzee wangu kwenye simu alikuwa mkali, akasema nimeyahubiria maji pesa zake. Sikuwa na jibu. Tulishusha mlingoti, tukatoa vyuma vyote, na hata cha kulia kilikuwa na ufa. Vipya na miezi ya kukaa karakana vikaongeza 110,000. Mnunuzi mwingine alipatikana Februari 2020, akalipa 1,350,000, na kabla hajalipa nilimwambia yote. Ukitoa 490,000 inabaki 860,000, nusu yangu 430,000. Sacco ikachukua zake. Katika 190,000 nilileta zile 100,000. Wiki chache baadaye korona ikafunga makanisa yote, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba singelazimika kuwatazama.

Kwa nini nimesema leo? Kwa sababu Jumapili iliyopita kijana mmoja alikuja ofisini kuniuliza kuhusu Probox anayotaka kuuza. Gari lilibingirika Bahati, likanyooshwa, likapakwa rangi, na anayelitaka ni mtu wa kanisa letu. Akaniuliza kama ni lazima aseme. Nikafungua kinywa kumjibu kama mchungaji, nikaona sina ruhusa ya kumjibu kabla sijawajibu ninyi.

Nawaomba msamaha, kwa ile michirizi niliyoifuta na kwa ahadi niliyoitoa nikijua imesimama juu ya chuma gani. Shilingi 400,000 zilizobaki bado ni deni langu. Nimeongea na wazee na mweka hazina. Nitatoa 5,000 kila mwezi, na daftari litakaa mezani mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulifungua.

Kile kipande cha chuma ambacho matangazo yenu hukaa chini yake pale mbele, kisipeperushwe na upepo, ndicho cha kushoto. Mkija Jumapili kigeuzeni. Ufa uko upande wa chini.

Mchungaji wenu, Subukia.