Hesabu ya Gorogoro

Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba nimeiandika katika insha tangu nikiwa darasa la nne, na kila mara mwalimu aliitilia alama ya vyema. Hakuna aliyewahi kuniuliza kibaba chenyewe ni cha nani. Mtaani kwetu hapa Nakuru, haba na haba hujaza kibaba cha mwenye duka. Sisi tunaonunua mafuta ya ishirini, sukari ya kumi na majani chai ya tano ndio tunaomjazia.

Ununuzi huu wa kidogo kidogo watu huuita kadogo, na wapo wanaoucheka. Husema kwamba maskini hajui hesabu, ati ndiyo maana hanunui vitu kwa jumla vikamtoka rahisi. La hasha! Baba yangu ni mwashi. Hulipwa jioni kazi ikiwapo, na isipokuwapo hurudi na koleo lake hivi hivi. Mtu alipwaye kila siku hununua kila siku, kwa maana pesa za kununua mtungi mzima wa mafuta hazijawahi kulala mfukoni mwake hata usiku mmoja. Mama naye hushona nguo, na cherehani ina misimu yake: Januari sare za shule, Desemba nguo za Krismasi, na katikati ya mwaka ni viraka na zipu. Hesabu wanazijua sana. Wanachokosa ni zile pesa za kwanza. Yaani ili utumie pesa kidogo, ni lazima kwanza uwe na pesa nyingi!

Mwaka wa 2022 nikiwa darasa la nane, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Mwezi wa Julai serikali ilitangaza kwamba itauzwa shilingi 100, kama vile mwaka wa 2017 ilivyowahi kushushwa hadi 90. Nilitumwa kuutafuta unga huo wa mia. Nilizunguka maduka manne na kurudi na pakiti moja tu, na baada ya wiki chache nafuu hiyo ikaisha. Tangu siku hizo nilianza kuutazama unga kama jambo la kufikiriwa, si kitu cha kuliwa tu.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mama alinikabidhi daftari kuukuu la kurasa 48 akaniambia, "Wewe si unasoma biashara? Niandikie pesa zinaenda wapi." Nikaanza na mafuta. Kila jioni tulipimiwa ya shilingi 20. Nilitafuta chupa ya soda ya nusu lita, nikawa ninayamimina mle kwanza kabla ya kupika, nikipiga mstari kwa kalamu mahali yalipofika. Yaliyotumika yakitoka, mistari ilibaki, nami nikawa ninajumlisha. Nusu lita ilitimia siku ya kumi. Maana yake lita moja ilitugharimu shilingi 400, ilhali duka la jumla liliuza mtungi wa lita tatu kwa 840, yaani 280 kila lita. Tulikuwa tunapoteza shilingi sita kila siku. Sita ni pesa ndogo, lakini zilitoka hata siku ambazo baba alikosa kazi.

Hapa sharti nimtetee mama mboga wetu kabla hajasoma gazeti hili. Nyanya zake za fungu ni ghali kuliko za sokoni, ndiyo, lakini yeye hukopesha. Mwezi ule baba alipoumia kidole, tulikula sukumawiki yake siku kumi na moja bila kutoa hata ndururu, na bado alituongeza dania. Supamaketi gani itakufanyia hivyo? Kwa hivyo mboga hatukuzihamisha. Nilimwambia mama tuhamishe unga tu, kwa kuwa unga hauozi kesho na ndio uliokula pesa nyingi zaidi katika daftari langu. Sisi tuko sita, na tulimaliza pakiti nne kwa wiki.

Mpango wenyewe ulikuwa wa akina mama wa ploti, wala si wangu. Mwisho wa mwaka wa 2023, mahindi mapya yalipoanza kuteremka kutoka mashambani, familia sita zilikubaliana kuweka shilingi 100 kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa wiki hiyo ni 3,600, na wakati huo gunia la kilo 90 lilipatikana kwa bei hiyo hiyo. Kila Jumamosi familia moja ikapokea gunia. Mimi nilifanywa mshika daftari kwa kuwa eti mwandiko wangu unasomeka.

Wiki ya tatu ilikuwa zamu yetu. Jumamosi asubuhi alikuja mfanyabiashara mmoja na pikapu, akasema ana gunia la 2,900. Shilingi mia saba chini! Akina mama walisimama wakitazamana. Mvua za mwisho wa mwaka huo zilikuwa nyingi mno, na wakulima wengi walivuna mahindi yakiwa bado yanatota. Nilitia mkono guniani nikahisi ubaridi.

Katika somo la Kilimo tulikuwa tumefundishwa jaribio la chumvi. Unachukua chupa kavu inayoonyesha ndani, unatia mahindi hadi theluthi moja hivi, unaongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, unatikisa vizuri kisha unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikidondoka chini, mahindi ni makavu. Ikigandamana na chupa, yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, na yanayofaa kuwekwa ghalani hayapaswi kupita 13.5. Nilikimbia ndani nikaichukua ile chupa yangu ya mafuta, kumbe bado ina mafuta! Jirani akanipa ya maji. Robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko kipindi cha hesabu. Mwenye pikapu alikuwa akipiga honi, ati tunamchelewesha.

Chumvi ilishika chupa kama jivu.

"Si tutayaanika tu?" mmoja wa akina mama akauliza. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo mama yangu aliposema hapana. Mama ni mzaliwa wa Makueni. Mwaka wa 2004, kabla mimi sijazaliwa, watu 125 walifariki Makueni, Kitui na sehemu za jirani baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka iliyowekwa ikiwa na unyevu. Sumu hiyo huionji wala huioni, na moto wa jikoni hauiondoi. Hata ukiyaanika mahindi yakakauka kabisa baada ya ukungu kuingia, sumu hubaki mle mle. "Nilizika watu wa kwetu," mama alisema. "Mimi hiyo mia saba siitaki."

Mwenye pikapu alicheka, akasema mama wa mjini wana mambo. Lakini yule mama aliyetaka kuanika hakucheka. Alikuwa na watoto wanne, mume hayupo, na mia saba kwake ilikuwa karibu kodi ya wiki. Alidai pesa zake alizokwisha kuweka, akakopa nyingine kwa ndugu yake, akalinunua lile gunia peke yake. Siwezi kumlaumu. Aliyaanika juu ya karatasi ya nailoni uani, akiyatoa na kuyaingiza kila mawingu yalipojikusanya. Tuliendelea kusalimiana naye kama kawaida. Ila watoto wake walipokuja kwetu saa za chajio, mama aliwapakulia bila kuwauliza kama wamekula kwao.

Chama kikabaki na familia tano. Tano kwa mia moja kwa siku sita ni 3,000, na gunia kavu lilikuwa 3,600. Ikabidi kila mmoja aweke 120. Baba aliguna kweli kweli kuhusu ile ishirini, hasa kwa kuwa ndiyo ishirini ya mafuta.

Gunia letu lilipofika tulilipima: madebe matano, gorogoro arobaini. Mkokoteni tulilipa 150. Posho mili walituchukua 15 kwa kila gorogoro. Jumla ya yote ikawa 4,350, na gorogoro moja ya unga ni zaidi kidogo ya pakiti. Kwa wiki kumi zilizofuata tungalinunua pakiti arobaini za shilingi 165, ambazo ni 6,600. Tofauti ni shilingi 2,250. Sitaki msomaji afikiri tulitajirika. Zilipunguza deni la chakula cha mchana la dada yangu na langu, basi. Lakini muhula huo wa kwanza wa 2024 hakuna aliyetumwa nyumbani kati yetu, na jambo hilo halijawahi kutokea tena wala halikuwa limewahi kutokea.

Hasara zake pia zipo, nisije nikaitwa mwongo. Unga wa posho mili una maganda na si mweupe. Siku ya kwanza baba aliitazama sahani akauliza, "Mama, hii ugali ni ya nyumbani ama ya jela?" Akala lakini, akaongeza. Unga wa pakiti nao, kwa sheria iliyoanza mwaka wa 2012, hutiwa madini ya chuma, zinki na vitamini, ambavyo wetu hautiwi. Kisha kuna dumuzi. Tuliliinua gunia juu ya mbao mbali na ukuta na kuyatia mahindi ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, na hata hivyo mama huamka usiku kulisikiliza, ati dumuzi akitafuna husikika. Chumba chetu ni kimoja na pazia. Gunia limelala mahali ambapo nilikuwa nikisomea, kwa hivyo siku hizi husoma nikiwa nimeliegemea.

Wanachama wengi wa Chama cha Kiswahili wameniuliza kuhusu ile chupa. Mkutano wetu ujao nitakuja nayo, nimeshaiosha mafuta. Mwenye mahindi nyumbani alete kiganja kimoja. Chumvi nitaleta mwenyewe, maana lazima ikaushwe juani kwanza, la sivyo itashika hata chupa tupu.