Farasi wa Ndoto na Punda wa Nyumbani

Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka 30, na katika muda huo nilisema mengi juu ya makosa ya watu wengine. Leo nataka kueleza kosa langu mwenyewe. Kwa ulimwengu ni kosa dogo, lakini ndani ya nyumba yangu lilikuwa kubwa, nalo lilianzia kwa farasi.

Marehemu baba yangu alikuwa saisi katika shamba la mlowezi mmoja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwaka 1959, nikiwa na umri wa miaka 9, nilikuwa nikimpelekea chai bandani kabla ya kwenda shule. Palikuwa na farasi mmoja mweupe, mrefu, mwenye shingo ya kujivuna. Baba alimsugua mpaka aking'aa, akamkagua kwato moja baada ya nyingine, akamtia lijamu, akalikaza tandiko. Kisha alimshika hatamu, bwana akapanda, akaenda zake. Sikumwona baba akikaa juu ya mgongo wa farasi yule hata siku moja. Nilipomwuliza sababu, aliugusa mkanda wa tandiko chini ya tumbo la mnyama, akanijibu, "Mwanangu, kazi yangu mimi inaishia hapa."

Jibu hilo liliniingia kama mwiba. Nilijiapia kwamba ipo siku nitapanda farasi wangu mwenyewe, tena mweupe, na baba atasimama kando anitazame.

Maisha hayakunipeleka njia hiyo. Nilisomea ualimu, nikaanza kazi katika miaka ile ya Elimu ya Kujitegemea, siasa iliyotangazwa mwaka 1967. Baadaye likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto wote wakatakiwa waingie shule ya msingi, na vyuo vyetu vikawa na kazi ya kuandaa walimu wengi kwa haraka. Katika chuo nilichokuja kukiongoza tulikuwa na shamba, mbuzi na punda. Bomba lilikauka kila kiangazi, na ni punda waliotupatia maji ya kupikia uji wa wanachuo. Nilipojenga nyumba yangu nami nikanunua punda. Kwa miaka yote hiyo nilimiliki punda 6, na kwa kila mmoja nilijiambia kwamba huyu ni wa muda tu.

Ajabu ni kwamba somo lenyewe nililijua. Nilikuwa mwalimu wa historia. Mara nyingi niliwasimulia wanachuo wangu jinsi Stanley alivyoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili, na jinsi wote wawili walivyokufa hata safari haijafika mbali. Niliwaeleza habari za mbung'o, na kwa nini mizigo ya bara ilibebwa na vichwa vya watu kwa karne nyingi. Niliuliza maswali ya mtihani juu ya jambo hilo. Kumbe mwalimu anaweza kusahihisha mtihani ambao yeye mwenyewe angeushindwa.

Nilistaafu mwaka 2010, tukahamia kijijini chini ya Mlima Hanang. Tulikuwa na punda majike wawili, Subira na Chausiku. Kisima kipo mwendo wa saa nzima. Kila mmoja alibeba madumu 4 ya lita 20, na mke wangu aliwaswaga akiwa mikono mitupu, akizungumza nao kama wanawe. Subira alikuwa nasi tangu mtoto wetu wa mwisho alipokuwa darasa la kwanza.

Mwaka 2015 rafiki mmoja wa Arusha aliniletea habari kwamba kuna mtu anapunguza farasi wake, na yupo mmoja mzee anayeuzwa kwa bei nafuu. Sikulala usiku ule. Baba alikuwa amekwisha kufa, lakini niliona kana kwamba bado anasubiri pale kando. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu ilikwisha kwenye nyumba na ada. Nilichobakiwa nacho hakikutosha.

Siku zile walikuwa wanapita madalali wa kununua punda, wakilipa bei ambayo hatukupata kuisikia. Kila mtu kijijini alijua, au alikisia, kwamba punda hao hawaendi kubeba mizigo. Walikuwa wanachinjwa, na ngozi zao kupelekwa China, ambako huchemshwa kupata ejiao, gundi itumiwayo katika dawa za jadi za huko. Dalali alipofika kwangu sikumwuliza anawapeleka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilijua nikiuliza nitajibiwa. Nilihesabu fedha, nikamkabidhi kamba zote mbili. Chausiku aligoma. Subira alifuata bila kuvutwa, kama alivyozoea.

Mke wangu alikuwa shambani. Aliporudi alisimama kwenye banda tupu kitambo, kisha akaniuliza swali moja tu, "Mwalimu, huyo farasi atabeba madumu mangapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake alfajiri, akiwa na umri wa miaka 61, alijitwika ndoo kichwani akaenda kisimani.

Farasi aliletwa kwa lori. Hakuwa mweupe. Alikuwa wa rangi ya udongo, magoti yamechakaa, na mdomo wa chini ukining'inia. Kijiji kizima kilikuja kumwona. Nilipanda mara moja tu, nikisaidiwa na wajukuu, mmoja akimshika hatamu. Tulikwenda hatua kama 100 hivi. Watoto walishangilia, na mimi huku juu nilikuwa nimeshika manyoya ya shingo kwa mikono yote miwili, nikitetemeka na kuomba nisianguke. Nilitazama pale kando, mahali nilipokuwa nimempangia baba asimame, nikamwona mke wangu akirudi kutoka kisimani. Hakuangalia juu. Nilishuka, na sikupanda tena.

Alikula kuliko punda wanne, pumba za kununua na majani ya kukatiwa. Sikumwuliza mwenyewe wa kwanza habari za chanjo, na huo ni uzembe wangu. Mwezi wa Mei 2016, mvua za masika zikiwa zinaishia, aliamka amevimba juu ya macho, anahema kwa shida. Jioni povu lilimtoka puani. Bwana mifugo alipofika alitikisa kichwa, akanieleza kwamba ni ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyozidi nyakati za mvua. Nilimwuliza kama punda nao huupata. Alisema punda wa kwetu huambukizwa, lakini ni nadra kuugua. Usiku ule farasi wangu alikufa. Tulimchimbia shimo siku nzima, na mke wangu aliwaletea wachimbaji maji ya kunywa, ambayo aliyabeba kwa kichwa chake.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Baada ya mambo haya nadhani methali hiyo imemsingizia mnyama. Katika habari yangu mimi, aliyebeba ni punda, na aliyepiga teke ni bwana wake.

Nilimwomba mke wangu radhi, tena si mara moja. Alinisikiliza, akasema maneno ni mepesi, kisima ndicho kizito. Kwa hiyo mwaka 2017 niliuza baiskeli na redio yangu kubwa, nikaongeza na fedha ya mahindi, nikanunua punda jike mchanga. Tangu siku hiyo kwenda kisimani ni kazi yangu. Umri wangu sasa umepita miaka 70, natembea polepole, naye hanihimizi. Mwezi wa Februari 2024 mjukuu wangu alinisomea kwenye simu habari kwamba wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wamekubaliana kukataza biashara ya ngozi za punda. Nilifurahi, kisha nikanyamaza, kwa kuwa kwa Subira na Chausiku makubaliano hayo yalichelewa, na aliyewatoa nyumbani ni mimi.

Mke wangu ndiye aliyempa jina punda wetu mpya. Alimwita Farasi. Mwanzoni jina hilo liliniuma, kila nilipomsikia akimwita mbele ya majirani. Siku hizi nami namwita hivyo hivyo. Asubuhi namfunga madumu, nainama kukaza mkanda chini ya tumbo lake, na kila mara mkono wangu unapofika pale namkumbuka baba.