Mtoto aliyezaliwa Lobule ni raia wa wapi?



Swali la mwezi huu limetoka kwa watoto. Mtoto amezaliwa hapa Lobule, wilaya ya Koboko. Anasoma na watoto wa wenyeji, wanaongea Kikakwa kile kile, hata majina ni yale yale. Mwenzake akifika miaka 16 anaenda kupigwa picha ya kitambulisho cha taifa. Yeye anaambiwa abaki na karatasi ya mkimbizi. Akirudi nyumbani anauliza: "Papa, si nilizaliwa hapa hapa?" Wengi wetu tunanyamaza, au tunasema tu "serikali ndiyo inajua". Basi tumekaa tukaisoma Katiba, na tuambiane tulichokikuta.

Kwanza, kuzaliwa Uganda peke yake hakumfanyi mtoto kuwa raia. Katiba ya mwaka 1995 inaangalia damu kuliko ardhi. Kifungu cha 12 kinaruhusu mtu aliyezaliwa hapa aandikishwe kuwa raia, lakini awe ameishi Uganda mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962, na wakati anazaliwa mzazi wake asiwe mkimbizi, wala babu, wala bibi. Mtoto wa Lobule hapiti hata sharti la kwanza. Kifungu hicho hicho kinampokea pia mtu aliyehamia Uganda kwa sheria na kwa hiari. Kwa hiari! Nani kati yetu alifunga mzigo kwa hiari?

Jambo hili lilifika mahakamani, katika Petisheni ya Katiba namba 34 ya mwaka 2010. Walioipeleka walitaka kujua kama mkimbizi anaweza kuwa raia. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ikajibu: kuandikishwa, hapana, tajnisi, anaweza kuomba. Tajnisi ni uraia wa kuomba, serikali inaweza kukupa au kukunyima. Sheria inataka jumla ya miaka 20 ndani ya Uganda, miezi 24 ya mwisho uwe hapa muda wote, tabia njema, na ujue Kiingereza au lugha ya wenyeji iliyokubaliwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inasema sheria za tajnisi zinamhusu mkimbizi. Kwenye karatasi njia ipo. Aliyevuka mpaka mwaka 2013 atahesabu mpaka 2033. Katika familia zetu hatumjui hata mmoja aliyefika mwisho wake.

Na kabla hujaanza kuitamani, angalia upande wa Kongo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine. Uganda iliruhusu uraia wa nchi mbili ilipobadilisha Katiba mwaka 2005, Kongo hapana. Mwenye shamba la baba yake kule Aba au Ingbokolo afikiri sana.

Sasa tufike penye ubishi wenyewe, ule unaotukesha. Kifungu cha 10 kinasema ni raia wa kuzaliwa yeyote aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, ni wa kabila mojawapo la asili lililokuwa likikaa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Majina ya makabila yameorodheshwa mwishoni mwa Katiba. Wakakwa wamo. Walugbara wamo, Waalur wamo, hata Walendu wamo. Basi wengine wetu wanasema: kumbe mtoto wetu ni raia tayari! Wengine wanajibu: hapana bwana, wanaosemwa ni Wakakwa wa ndani ya mpaka, si wa Kongo.

Tukiulizwa sisi, orodha ile imetaja kabila, haikutaja ukoo ulilala upande gani. Na mpaka wenyewe haukutuuliza. Arua na Koboko zilikuwa sehemu ya Lado, mikononi mwa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Alikufa mwaka 1909, mwaka uliofuata nchi ikaingia Sudan, na mwaka 1914 upande huu ukapewa Uganda. Mzee aliyekaa kwenye kiti chake bila kusogea alitawaliwa na serikali tatu. Hata hiyo tarehe ya 1926 ni ya mambo ya mashariki, pale Uganda ilipokatwa kipande kikaenda Kenya, mbali kabisa na sisi.

Lakini tusidanganyane: maoni yetu si hukumu ya mahakama. Na mtu asikubali kushawishiwa "kununua babu" wa Koboko ili apate kitambulisho. Kutoa habari za uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai, na atakayelala ndani ni wewe, si aliyekushawishi.

Wenyeji wetu wanayajua haya. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa Koboko na Arua walikimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Watoto wao waliozaliwa kule, kifungu cha 10 kinawatambua kuwa raia wa Uganda kupitia mzazi. Vivyo hivyo sheria ya uraia ya Kongo, ya Novemba 2004, inamtambua mtoto wa baba au mama Mkongo, azaliwe popote. Kwa hiyo mtoto wa Lobule ana nchi. Shida ni kuonyesha siku moja kwamba huyu ni mtoto wa fulani na fulani.

Hapo ndipo cheti cha kuzaliwa kinapoingia. Kifungu cha 18 kinaiagiza serikali iandikishe kila uzazi unaotokea Uganda, hakisemi wa raia tu. Cheti hakikupi uraia, ila kinataja mahali, tarehe na wazazi. Kadi ya kliniki isitupwe, isifungiwe karanga. Kwenye mtaa wetu tumeanza pia kuandika daftarini majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, kijiji walichozaliwa, na nani aliolewa upande wa Koboko. Bibi mmoja ametaja watu mpaka kurasa zimeisha, imebidi mtoto atumwe dukani kuleta daftari lingine.