Jangwani kwenye maji tele

Jina lenyewe kichekesho: Jangwani, halafu maji tele! Ukitoka Kariakoo kwenda Magomeni unakatiza bonde la Mto Msimbazi. Miaka nenda rudi, mvua kubwa ikipiga Barabara ya Morogoro inafungwa hapo, nasi abiria tunabaki kutazamana. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar. Wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, ilijengwa humohumo bondeni. Ikafurika!

Dawa ya mainjinia ni kuchimba mto upate kina na upana, kujenga daraja refu lililoinuka, na kuyaachia maji njia yake. Safi. Ila mshikaji, chupa unayoitupa dirishani huishia mtaroni. Daraja halizoi taka!