Kwa Ndoana Kando ya Mto Mara: Safari ya Genkuru

Ndugu msomaji, ikiwa hujapata kufika Genkuru, tufuatane leo. Hutalipa nauli, wala hutakula vumbi la njiani kama nililokula mimi.

Kutoka Tarime mjini tunaelekea upande wa Nyamwaga. Mwanzo hewa ni ya baridi, na kando ya njia unaona migomba, kahawa na mahindi, maana nchi hiyo iko juu. Kisha njia inateremka, jua linazidi ukali, na mwisho tunaingia Nyamongo, nchi ya dhahabu. Genkuru ni kijiji kimojawapo katika vile vinavyouzunguka mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2002. Wenyeji ni Wakuria, wafugaji hodari wa ng'ombe na wakulima wa mtama, muhogo na mahindi. Wageni wengi wafikao huko macho yao huwa kwenye mawe yenye dhahabu. Mimi sikuyafuata hayo. Nilifuata maji, kwa kuwa kusini ya vijiji hivyo unapita Mto Mara, nao ndio mpaka kati ya Wilaya ya Tarime na ile ya Serengeti.

Sababu ya safari yangu ilikuwa barua ya kijana mmoja, mtoto wa rafiki yangu. Alikuwa amesoma habari za samaki aitwaye trauti, jinsi watu wa ng'ambo wanavyomvua kwa ndoana katika mito iliyo chini ya mabwawa makubwa, na jinsi wageni wanavyotoa fedha nyingi ili wapate kumvua. Tena alikuwa amesikia mpango wa kujenga bwawa pale Borenga, upande wa Serengeti, ambao umepimwa na kuzungumzwa kwa miaka mingi. Akaniandikia hivi: “Baba mdogo, bwawa likijengwa, je, hatuwezi kuleta trauti mtoni kwetu tukapata riziki?” Sikumjibu kwa barua. Niliona yafaa kwanza tukauone mto wenyewe, tumwulize na mtu aujuaye.

Mtu huyo ni mzee mmoja ambaye amevua hapo tangu utoto wake. Tulimkuta asubuhi mapema amekaa juu ya jabali, hatua kadha mbali na ukingo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Kaeni, lakini msisogee majini. Wewe mura, rudi nyuma!”

Kijana alirudi upesi. Mzee akatuonyesha jabali la pili, chini kidogo, akasema kuwa hapo ndipo mwenzake wa utotoni alipochukuliwa na mamba, wangali wavulana. Tangu siku hiyo yeye ana sheria tatu. Hasimami mahali pamoja siku mbili mfululizo, maana mamba hujifunza desturi za mtu. Haingizi mguu majini hata ndoana yake ikinasa. Na jua likianza kuzama anaondoka, kwa kuwa huo ndio wakati viboko wanapotoka kwenda kula nyasi. Msomaji, ukienda Mara, zishike sheria hizo. Ujue pia kwamba ndani ya Hifadhi ya Serengeti huruhusiwi kuvua, na nje yake yakupasa kuwa na leseni.

Vyombo vyake vilikuwa vichache: mwanzi mrefu, mshipi, ndoana na chubwi la risasi. Chambo alikuwa nacho cha namna nyingi. Minyoo ni ya wakati wa mvua, mto unapokuwa na rangi kama chai ya maziwa na samaki wanatafuta kwa kunusa. Panzi ni wa wakati maji yanapokuwa meupe. Utumbo wa kuku ni wa kambale. Kisha akatoa kipande cha sabuni ya kufulia! Kijana alicheka, lakini mzee hakucheka. Kambale, alisema, huifuata harufu ya sabuni kama mtoto anavyofuata harufu ya maandazi. Neno hilo si geni, maana hata wavuvi wa Ziwa Viktoria hutia sabuni katika ndoana zao za kambale.

Kijana naye alikuja na chambo chake cha dukani, kisicholiwa: kipande cha bati king'aacho, chenye kuzunguka kinapovutwa majini, ili samaki adhani ni kisamaki kinachokimbia. Mara ya kwanza kilinasa katika jiwe. Mara ya pili kilinasa katika mzizi. Mzee akamwambia, “Unakivuta kama mtu anayekimbia polisi. Kivute polepole, kipite pale maji yaendayo kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Samaki mwenye akili hukaa kwenye utulivu akingoja chakula kiletwe.” Kijana alifanya hivyo, na mwanzi ukapinda. Baada ya kuvutana kitambo tulimwona juu ya mchanga kuyu mnene, mwenye magamba makubwa yenye rangi ya shaba. Nakuambia kweli, furaha ya kijana yule haikupungua kwa sababu samaki hakuwa trauti.

Tulipokuwa tukimpaa samaki, nilimpa kijana jibu lake, nami nakupa wewe pia.

Trauti ni samaki wa nchi za baridi. Katika Afrika Mashariki aliletwa kwa mkono wa mtu. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki wakapandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye hata mito ya baridi ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Mbeya ilipandwa. Samaki huyu anataka maji yenye hewa nyingi, na joto likizidi nyuzi 20 kwa muda mrefu anadhoofika. Mto Mara hapa Genkuru umekwisha teremka kutoka Mau na kupita mbugani juani, hauwezi kumfaa.

“Lakini mbona wanamvua chini ya mabwawa, hata katika nchi za joto?” Swali ni zuri. Katika bwawa lenye kina kirefu maji ya juu hupata joto la jua, na ya chini hubaki baridi. Ikiwa mlango wa kutolea maji uko chini, mto unaoendelea huwa wa baridi mwaka mzima. Ndivyo ilivyokuwa Arizona, Marekani, Bwawa la Glen Canyon lilipoanza kuzuia Mto Colorado mwaka 1963. Trauti walipandwa chini yake, wakastawi, na wavuvi wa ndoana wakafurika. Lakini samaki wa asili, waliozoea maji ya moto na ya tope, walipungua, na wengine wakatoweka kabisa sehemu ile. Isitoshe, kule kuna majira ya baridi kali yanayopoza vilindi vya bwawa. Huku kwetu hakuna.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali ili kujifunza. Jinja, Uganda, yalikuwako maporomoko ya Ripon, ambako watu walikuwa wakisimama juu ya mawe na kuvua kuyu kwa ndoana. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, likaleta umeme, nayo maporomoko yale yakafunikwa na maji. Na katika miaka hiyo ya 1950 sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea. Ni kweli kwamba amejenga nyumba na kusomesha watoto, lakini aina nyingi za furu zilipotea, wala hakuna awezaye kuzirudisha. Mgeni wa majini akikwisha kuingia, hafukuziki.

Mzee alikuwa akisikiliza kimya. Kisha akauliza, “Na ningu je?”

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Ningu hashikwi kwa ndoana ila kwa bahati, maana mdomo wake umeelekea chini, naye hula ukoko wa mawe. Lakini mvua kubwa zikianza hupanda mto kwa makundi kutoka upande wa ziwa, atafute majani yaliyofunikwa na mafuriko atage mayai. Zamani mito mingi ya Ziwa Viktoria ilijaa ningu. Kisha nyavu zikatandazwa kwenye midomo ya mito wakati ule ule wa kupanda, zikamkamata mama na mayai yake, na katika mito mingi uvuvi wake ukaanguka. Mto Mara ni mmoja wa mito ambamo angalipo. Ukuta wa bwawa ukijengwa bila kumwachia njia, utamfungia mlango kuliko wavu wo wote.

Sisemi kwamba bwawa ni baya. Kwenye Mto Nyangores, mmojawapo wa mito inayozaa Mara, Hospitali ya Tenwek huko Kenya ilijenga bwawa dogo la umeme, likaanza kazi mwaka 1987, na wagonjwa wengi wamefaidika. Nasema tu kwamba samaki naye aulizwe. Kumwuliza ni kuacha njia ya kupandia, na kufungulia maji ya kutosha wakati wa kiangazi.

Tena bwawa si hatari pekee. Mto huu hula vyakula vya ajabu. Wataalamu waliandika mwaka 2017 kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama humo kila mwaka wakivuka, yaani nyama ya tani 1,100, na samaki hushiriki karamu hiyo. Mwaka 2018 wakaeleza jinsi vinyesi vya viboko vilivyokusanyika vilindini, mvua ikivisomba, huyanyima maji hewa hata samaki wakafa. Haya ni ya Muumba. Lakini yako na ya wanadamu. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja mgodini yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga katika Mara. Machi 2022 maji yaligeuka meusi upande wa Kirumi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni vinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika. Hata hivyo hasara ilikuwa moja kwa wote: jungu tupu.

Jioni tulikula kuyu yule kwa ugali wa mtama na muhogo. Kijana alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Basi baba mdogo, mgeni wangu nitamwonyesha kuyu.” Mzee akamjibu, “Na mwezi wa mvua, wavu wako uuanike nyumbani. Mimi sitakuwako kukuona, lakini ningu watajua.”

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unakaa kando ya mto, wako au wa jirani, usiutamani samaki wa mbali kabla hujamjua wa kwako. Wakati wa kupanda mwache apite. Mbolea na sumu za shamba ziweke mbali na ukingo. Wakija watu na ramani za bwawa, nenda mkutanoni, usimame, uulize, “Na samaki wetu atapita wapi?” Nawe ukijaliwa kufika Genkuru, beba mwanzi na minyoo, kaa mbali na maji, na kabla ya jua kuzama rudi nyumbani.